Siku 90 za nani?

Mei 2025 mradi wa curl ulipokea ripoti ya usalama ndefu, iliyopangika, yenye vichwa vidogo na lugha safi. Ilidai kwamba sehemu inayoshughulikia HTTP/3, utaratibu mpya wa mawasiliano ya wavuti, ina kosa ambalo mshambuliaji anaweza kulitumia kuvuruga kumbukumbu ya kompyuta, na ikaambatanishwa na kiraka (kipande cha msimbo cha kubadilisha programu) cha kufanyia majaribio. Wasimamizi wakaacha kazi zao wakakaa nayo. Kiraka kikagoma kuingia kwenye matoleo mapya ya programu ambayo kilidaiwa kuandikiwa. Wakamuuliza mleta ripoti, naye akajibu maswali ambayo hakuna aliyeyauliza, akaongeza na maelekezo ya kutumia git, chombo cha kutunza mabadiliko ya msimbo. Walipoitafuta ile funksheni (kipande cha msimbo chenye jina na kazi yake) iliyotajwa kuwa chanzo cha tatizo, haikuwemo. Akili mnemba ilikuwa imeitunga.

curl ni programu ya kuhamisha data mtandaoni. Daniel Stenberg wa Uswidi aliitoa kwa jina hilo mwaka 1998, na leo imo ndani ya simu, runinga, magari na seva duniani kote. Msomaji wa makala haya karibu hakika anayo mfukoni, ingawa hajawahi kuisikia. Kikosi chake cha usalama, kwa hesabu aliyoitoa Stenberg mwenyewe mwaka 2025, ni watu saba. Kila ripoti inayoingia huwashughulisha watatu au wanne kati yao, kwa nusu saa, wakati mwingine hadi saa tatu kila mmoja. Watu wanne kwa saa tatu ni saa 12, na zinaweza kuteketea kwa funksheni isiyokuwepo. Kufikia Julai mwaka huo, Stenberg alikadiria kwamba takriban asilimia 20 ya ripoti zilikuwa takataka za akili mnemba, na ni kama asilimia 5 tu ya ripoti zote za mwaka zilizoonekana kuwa udhaifu wa kweli.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu mjadala wa ripoti za usalama katika programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote, umezoea kuulizwa hivi: zifichwe au zianikwe? Swali hilo ni la haki, na nitalipitia. Ila kwa maoni yangu linatanguliwa na jingine: kazi ya kuthibitisha na kuziba ni ya nani, na nani ameamua kwamba iwe yake?

Wanaotetea usiri wana hoja ambayo haiwezi kupuuzwa. Tuchukue Heartbleed, udhaifu wa OpenSSL, programu huria ya kusimba mawasiliano ya tovuti, uliotangazwa tarehe 7 Aprili 2014. OpenSSL ilikuwa na utaratibu wa kompyuta mbili kuulizana kama bado zipo hewani. Moja hutuma neno na kutaja urefu wake, nyingine hulirudisha. Ni kama kusema: "Nirudishie 'hodi', herufi nne." Kosa lilikuwa kwamba seva haikuhakikisha urefu uliotajwa. Ukituma "hodi" ukadai ni herufi 64,000, inakurudishia "hodi" pamoja na chochote kilichokuwa jirani kwenye kumbukumbu: nywila za watu, hata ufunguo wa siri wa tovuti yenyewe. Kosa hilo lilikaa kwenye matoleo rasmi tangu 2012, likaja kugunduliwa na Neel Mehta wa Google na, kwa upande wao, wahandisi wa Codenomicon ya Finland. Kulitumia hakukuhitaji ufundi mkubwa. Kitu cha namna hiyo ukikiandika hadharani kabla kiraka hakijawa tayari, umewagawia wezi funguo za mtaa mzima.

Lakini kuna jambo ambalo watetezi wa usiri hulisema kwa sauti ndogo. Katika programu huria, usiri huanza kuvuja siku kiraka kinapoingia kwenye msimbo, kwa sababu msimbo uko wazi na kila mwenye macho anaweza kusoma kilichobadilika. Log4j, maktaba (msimbo unaotumiwa ndani ya programu nyingine) ya kuandika kumbukumbu za matukio, ilitufundisha hilo kwa uchungu. Mhandisi wa Alibaba Cloud aliripoti kimyakimya tarehe 24 Novemba 2021. Marekebisho yakaandaliwa palepale peupe ambapo kazi nyingine za mradi hufanyikia. Tarehe 9 Desemba mfano wa shambulio ulikuwa umeshazagaa, na toleo la 2.15.0 likatangazwa mbio mbio. Halikutosha. Matoleo mengine matatu yakafuata kabla mwaka haujaisha, huku mstari mmoja wa maandishi uliochapwa kwenye kisanduku cha gumzo ukitosha kuiteka seva. Waliokuwa wakiziba ni watu wa kujitolea, wengi wao wakiwa na ajira nyingine mchana.

Ndipo ninapomwelewa Nick Wellnhofer. Mwaka 2025 alikuwa akiitunza libxml2, maktaba ya kusoma faili za XML ambayo Apple, Google na Microsoft zote zimeitumia ndani ya bidhaa zao. Juni mwaka huo alitangaza kwamba hatapokea tena masharti ya usiri. Ripoti ya usalama ingeshughulikiwa kama hitilafu nyingine yoyote: ionekane na wote mara inapofika, izibwe mtu akipata nafasi. Alieleza kwamba kila wiki saa kadhaa zake zinaishia kwenye ripoti za watu wa nje, na kwamba kwa mtu asiyelipwa hali hiyo haiwezi kuendelea. Usiri una taratibu zake: barua za faragha, tarehe za kupatana, namba ya CVE (kitambulisho rasmi cha udhaifu) ya kuombwa, tangazo la kuandikwa. Anayefaidi zaidi utaratibu huo ni kampuni yenye timu ya usalama inayolipwa. Anayeufanya ni mtu mmoja, usiku, mezani kwake.

Linux, kiini huria cha mfumo endeshi, nayo imekuwa karibu na msimamo huo kwa miaka mingi. Mwanzilishi wake, Linus Torvalds, amekuwa akishikilia kwamba hitilafu ya usalama ni hitilafu tu, na mwongozo wa mradi huo unaruhusu usiri wa siku saba kwa kawaida. Tangu Februari 2024 mradi wenyewe ndio unaotoa namba zake za CVE, na unazitoa kwa wingi kwa sababu kwenye kiini cha mfumo karibu kosa lolote linaweza kuwa mlango. Utaratibu huo unaiwezekania Linux kwa sababu makampuni makubwa yanalipa mishahara ya wengi wanaoiandika. Mradi wa mtu mmoja ukiuiga utapata uwazi, hautapata wale wafanyakazi.

Na hapo ndipo ninapoachana na Wellnhofer, kwa heshima zote. Ripoti ikianikwa bila kiraka, haiziumizi Apple na Google kwanza. Hizo zina watu wa kuandika kiraka chao jioni hiyo hiyo. Anayeumia ni wa mwisho kwenye foleni. Nafikiria DHIS2, mfumo huria wa takwimu za afya unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ambao wizara za afya za Kenya, Tanzania na Uganda zinautumia kukusanya taarifa kutoka vituo vya afya. Umeandikwa kwa Java, unakaa juu ya programu nyingine huria, Tomcat na PostgreSQL, na kila kimoja kina maktaba zake chini yake. Msimamizi wa seva kama hiyo hawezi kuizima tu kwa sababu amesoma kitu saa tano usiku. Inabidi achukue nakala rudufu na kuhakikisha inarudi, ajaribu toleo jipya kwenye mashine ya pembeni, aombe ruhusa, na asubiri kipindi cha kuingiza ripoti za mwezi kipite ili asiwakatie watu wa wilayani kazi katikati. Huyo anahitaji siku ya tangazo ije na kiraka mkononi. Hata siku saba za kimya zinazoishia kwa toleo safi zina thamani kubwa kwake.

Kwa hiyo ninaunga mkono usiri, ila mfupi, na kwa kitu kilichothibitishwa tu. Kinachobaki ni zile siku 90 ambazo mgunduzi humpa mwenye programu azibe kosa kabla ya kulitangaza.

Ukomo wa siku 90, uliozoeleka kupitia Project Zero, kikosi cha Google cha kutafuta udhaifu, ulikuja kwa sababu nzuri. Makampuni ya programu yalikuwa na tabia ya kukalia ripoti kwa miezi, wateja wakiwa wazi muda wote huo, na tarehe ya mwisho ndiyo iliyowaamsha. Sina shaka kwamba iliokoa watu wengi. Lakini dawa iliyopimwa kwa kampuni yenye maelfu ya wahandisi haifai kunyweshwa mradi wa kujitolea kwa kijiko kile kile. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Mwaka 2025 FFmpeg, mradi huria wa kusoma na kubadilisha video ambao kazi yake imo ndani ya YouTube, VLC na Chrome, ulivutana na Google hadharani. Akili mnemba ya Google iitwayo Big Sleep ilikuwa imegundua hitilafu kwenye msimbo wa kusoma aina ya video iliyotumika katika mchezo wa kompyuta wa LucasArts wa mwaka 1995. Watu wa FFmpeg waliiziba, kisha wakauliza swali ambalo sijaona likijibiwa vizuri: kampuni yenye uwezo wa kujenga mashine ya kutafuta makosa usiku na mchana, inashindwaje kuambatanisha kiraka, au fedha za kumlipa wa kukiandika? Upande wa Google kuna jibu, nalo si dogo. FFmpeg hupewa faili na watu wasiojulikana, na mshambuliaji hajali kama aina ya video ni ya kizamani. Anatengeneza faili yake leo na kuituma leo. Kosa ni kosa. Kulificha eti kwa sababu wenyewe wamechoka hakumlindi mtumiaji.

Hoja zote mbili ni za kweli, lakini uzito wake si sawa. Kutafuta makosa kumekuwa rahisi mno, na kuyaziba kumebaki kugumu vilevile. Mashine inaweza kuleta ripoti kumi kabla ya kifungua kinywa, lakini ya kumi itasomwa na binadamu yule yule aliyesoma ya kwanza. Mwenye mashine ndiye aliyebadilisha mizani, na ni haki abebe upande ulioongezeka: alete mfano unaoendeshika, alete kiraka, au alete mshahara wa mtu. Saa yake ya siku 90 ianze baada ya hapo. Najua hatari ya pendekezo hili, kwamba mradi mvivu utakataa kuthibitisha milele ili saa isianze. Basi mradi ukikaa kimya wiki tatu bila neno lolote, saa ianze yenyewe.

Lakini chombo chenyewe kisilaumiwe. Septemba 2025 mtafiti Joshua Rogers aliwapelekea curl orodha ndefu ya makosa aliyoyapata kwa msaada wa vyombo vya akili mnemba. Mengi yalikuwa madogo, si ya usalama, lakini yalikuwa ya kweli, na takriban marekebisho 50 yakaingia kwenye msimbo. Stenberg, ambaye Mei alikuwa amesema hajaona hata ripoti moja ya maana ya namna hiyo, aliyasifu waziwazi. Rogers alikuwa ameyachuja kwanza, akatuma anachokielewa.

Jambo linalonipa taabu zaidi kuliamua ni donge la fedha. curl ilianza kuwalipa wagunduzi mwaka 2019, na kufikia katikati ya 2025 ilikuwa imetoa zaidi ya dola 90,000 kwa ripoti 81 za kweli. Mwishoni mwa Januari 2026 ikaufunga mpango huo, kwa sababu fedha ndizo zilizokuwa zikiwavuta wanaobahatisha. Ninauona uamuzi huo kuwa sahihi kwa curl, na bado unaniuma. Kwa kijana wa Mbeya au Kisumu asiye na shahada wala mtu wa kumshika mkono, dola 500 za ripoti moja nzuri ni kodi ya chumba ya miezi kadhaa na ndiyo barua yake ya utambulisho kazini. Mlango huo ukifungwa, aliyeuharibu kwa kunakili majibu ya roboti hapotezi kitu. Anayepoteza ni yule aliyekesha wiki tatu akisoma msimbo mstari kwa mstari. Ningependelea njia ya kati ijaribiwe kwanza: mgeni aweke amana ndogo anapotuma ripoti, arudishiwe hata kama amekosea kwa nia njema, na aikose tu pale inapodhihirika kwamba hakuisoma mwenyewe. Stenberg aliwahi kulitaja wazo la kutoza ada akaona ugumu wake. Hata dola tano si kitu sawa kwa kila mtu, na wapo wasio na kadi ya kulipia mtandaoni.

Kwa miradi midogo ya kwetu, ile ya watu wawili watatu ambayo ghafla inajikuta imo kwenye mfumo wa hospitali au wa saccos, nadhani kazi ya kuanzia inaweza kumalizika jioni moja. Faili ya SECURITY iwekwe kwenye hifadhi ya msimbo, na kitufe cha GitHub (tovuti ya kuhifadhi msimbo) cha kupokea ripoti kwa faragha kiwashwe. Iandikwe wazi kwamba ripoti lazima itaje toleo, mstari wa msimbo na amri zinazoweza kurudiwa, kwamba iliyothibitishwa itafichwa siku 14 tu, na kwamba isiyo na hayo itafungwa siku hiyo hiyo. Barua pepe iliyotajwa humo isomwe na watu wawili. Msimamizi mmoja akiwa safarini, au amelazwa, ripoti ya kweli itakaa kwenye kisanduku chake bila kufunguliwa, na aliyeituma atahesabu siku zake kama kawaida.