61,741,120: namba ya sensa tusiikate mkia

Tarehe 31 Oktoba 2022, Uwanja wa Jamhuri hapa Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza matokeo ya sensa: nchi ina watu 61,741,120. Tangu hapo tunasema "milioni sitini na moja na ushee", na kwa mazungumzo inatosha. Darasani haitoshi. Naamini hii ndiyo namba ambayo mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza angepewa anapofundishwa vigawo na namba tasa, badala ya 24 na 36 za kila mwaka.

Tuifungue. Inaishia na sifuri, basi gawa kwa 10: 6,174,112. Gawa kwa 2 mara tano, unafika 192,941, ambayo ni witiri. 3 haiingii, 5 haiingii, 7 inaingia: 27,563. Hapo ndipo kazi inapoanza. 7 haiingii tena, 11 inagoma, 13 inagoma, na zote zinazofuata zinagoma mpaka 41. Halafu 43 inaingia bila baki, na jibu ni 641, namba tasa. Kuhakikisha, jaribu namba tasa mpaka 23 tu, maana 29 × 29 ni 841, imeshapita.

Basi sisi sote ni 64 × 5 × 7 × 43 × 641.

Nilipoiona hiyo 641 nilifurahi sana, kwa sababu ina historia. Anza na 2, izidishe kwa yenyewe, jibu nalo lizidishe kwa lenyewe, endelea hivyo. Kila hatua ongeza 1 pembeni. Unapata 3, 5, 17, 257 na 65,537, zote tasa. Katika karne ya 17, Mfaransa Pierre de Fermat aliamini zitaendelea kuwa tasa daima. Inayofuata ni 4,294,967,297. Mwaka 1732 Leonhard Euler akaonyesha kwamba inagawanyika: 641 × 6,700,417.

641 kuwemo kwenye sensa yetu ni sadfa tupu, wala sidai vinginevyo. Angehesabiwa mtoto mmoja zaidi, 2, 5, 7, 43 na 641 zote zisingeingia. Namba mbili zinazofuatana hazina kigawo cha shirika isipokuwa 1, kwa kuwa kigawo hicho kingelazimika kugawa pia tofauti yao, ambayo ni 1. Mtoto akilielewa hilo kwa kuwahesabu watu wa nchi yake, halimtoki.

Walimu wa Dodoma, namba hii ilitangazwa mjini kwetu. Iandikeni ubaoni. Wakimaliza, wapeni ya sensa ya 2012: 44,928,923. 13 inaingia, inabaki 3,456,071, na hiyo waacheni wahangaike nayo wenyewe.