Firigisi ya Wenyewe

Kwa vile binamu yangu ameshaitapakaza hadithi yangu ya firigisi kwenye kundi la ukoo, tena kwa kuitia chumvi eti nililia, acheni niieleze mwenyewe. Sikulia. Hilo tulimalize kwanza.

Mnajua Krismasi ile ya 2020 ilivyokuwa. Kafyu ya korona saa nne usiku, mabasi hayakuruhusiwa kujaza viti kwa hiyo nauli iliuma, na mama alikuwa ameniapisha: nyanya ana pumu, barakoa usiivue hadi wakati wa kula, usimkumbatie, usimpumulie, usiongee sana. Hakuna mhadhiri aliyewahi kuniagiza nikatii vile. Mpango ulikuwa nishuke Chavakali, huko Vihiga, jioni ya tarehe 24, baba mdogo anichukue kwa gari, Probox nyeupe.

Wadau, aliyewahi kufika Chavakali ameshaona ubovu wa mpango huo: Probox nyeupe huko si moja.

Simu ilizima njiani. Nikashuka giza likiingia, nikaona Probox nyeupe na mzee mwenye barakoa hadi machoni. "Wewe ndiye wa Nairobi?" Ndiye mimi. Begi likarushwa nyuma. (Sikuwa nimefika huko tangu darasa la nne. Msinitazame hivyo.)

Nyumbani stima zilikuwa zimepotea, koroboi moja tu. Nyanya kavaa barakoa, na leso juu yake. Nikampa kiwiko. "Mama hajambo?" Hajambo. "Na masomo?" Yanaendelea. "Umenenepa." Asante. Maswali ya ushago humfaa mtoto wa mtu yeyote, ndugu zangu.

Sasa twende polepole. Sufuria imefunuliwa, harufu imejaa nyumba. Nyanya anazamisha mwiko, anatafuta, anatafuta tena, anaipata firigisi. Kama wewe ni wa Magharibi mwa Kenya huhitaji kuelezwa. Kama si wa huku, jua tu kwamba hiyo hapewi mtu ovyo, ni ya mwanamume anayeheshimiwa. Ikatua kwenye sahani yangu. Wote wakanyamaza wanione nikila. Nikashusha barakoa hadi kidevuni, nikaitia yote mdomoni. Firigisi nayo ina ukaidi wake, haimezwi haraka. Bado natafuna, katoto fulani kakachukua koroboi, kakanimulika puani, kakatangaza:

"Huyu si Brayo."

Taya zikasimama. Kutema ni matusi. Kumeza ni wizi. Nyanya akashusha leso, akashusha barakoa, nikaona kumbe naye si nyanya. Jicho kwa jicho, mama wa watu na mimi, shavu langu limevimba kwa mali yake. (Hapa ndipo binamu anadai nililia. Ulikuwa moshi wa koroboi.) Nikameza. Nadhani hadi ng'ombe nje walisikia.

Basi, simu zikapigwa huku na huku. Brayo alikuwa bado stendi amekalia sanduku lake, na baba mdogo alikuwa akimzunguka na kumuuliza kama ana hakika yeye si mimi. Wakaja pamoja mbio, kafyu ikikaribia. Kuku aliyechinjwa alikuwa mmoja. Katoto kale kale kakampokea Brayo mlangoni na kumsimulia yote, hata sauti ya kumeza kakaiiga.

Brayo akanijia, akanisalimu kwa kiwiko kama serikali ilivyoagiza. Hadi sasa nalalia ubavu wa pili.