Jinamizi halina mtumaji

Mtu akisema asubuhi kwamba usiku kakabwa na jinamizi, swali linalofuata nyumba nyingi za kwetu ni hili: una ugomvi na nani? Jina huanza kutafutwa palepale. Atatajwa jirani asiyeitikia salamu, wifi aliyenuna tangu siku ya harusi, au bibi wa nyumba ya nyuma mwenye macho mekundu. Naamini swali hilo linaumiza watu kuliko jinamizi lenyewe, na ningependa tuache kuliuliza.

Waliowahi kukabwa wanaijua hali hiyo. Umezinduka, unaona chumba kama kilivyo, chandarua kipo, mwanga wa taa ya nje unapita dirishani, lakini mkono hauinuki. Unataka kumwita aliyelala pembeni na sauti haitoki. Kifua kizito, pumzi fupi, na una yakini kabisa kwamba kuna mtu chumbani. Wengine humwona amesimama mlangoni, wengine humhisi amewakalia kifuani. Baada ya sekunde kadhaa, pengine dakika chache, mwili unaachiwa ghafla na moyo unakwenda mbio. Anayesimulia haya hadanganyi wala hajarukwa na akili. Ameona kweli, na hofu yake ni ya kweli.

Kinachotokea ni hiki. Usingizi wa usiku huenda kwa mizunguko ya dakika 90 hivi. Ndani ya kila mzunguko kuna kipindi ambacho macho huchezacheza chini ya kope na ndoto huwa kali. Katika kipindi hicho ubongo huilegeza misuli ya mwili kwa makusudi, ili anayeota anakimbizwa asiruke kitandani akajigonga ukutani. Kwa kawaida kizuizi hicho huondoka kabla hujazinduka. Siku ya jinamizi fahamu hutangulia kuamka, misuli ikiwa bado imezuiwa na ndoto haijakatika. Ndiyo maana unaona kitanda chako halisi na, papo hapo, mtu ambaye hayupo.

Na kifua? Msuli mkuu wa kupumua, ule ulio chini ya mapafu, hauzuiwi kamwe. Hewa inaendelea kuingia na kutoka. Iliyolegea ni misuli ya mbavu inayokusaidia kuvuta pumzi kubwa. Ukijaribu kuvuta kwa nguvu haikutii, nawe unahisi unanyongwa. Hunyongwi. Laiti kila mtoto angeambiwa jambo hili moja kabla halijamfika.

Hali hii si ya wachache. Mwaka 2011 watafiti wawili wa Marekani, Brian Sharpless na Jacques Barber, walijumlisha tafiti 35 kutoka sehemu mbalimbali za dunia. Waliona kuwa imewahi kuwapata watu karibu 8 katika kila 100, na kwa wanafunzi 28 katika kila 100. Huko Newfoundland, Kanada, wazee walisimulia juu ya kikongwe anayekalia watu vifua usiku. Wajapani wana jina lao, kanashibari. Misri wengi husema ni jini. Mambo hayo matatu, mwili kuganda, kifua kubanwa na mtu chumbani, yanajirudia kwa watu wasiowahi kusikiana habari. Yangekuwa kazi ya mchawi wa mtaa wetu yasingefika huko.

Misri inanihusu zaidi kwa sababu nyingine. Baland Jalal na Devon Hinton waliwalinganisha Wamisri na Wadenmark wanaopatwa na hali hii. Wamisri walikuwa na hofu kubwa zaidi, wakadumu katika mgando kwa muda mrefu zaidi, na wengi zaidi waliamini kwamba unaweza kuwaua. Yaani tunachoambiwa mchana kinaingia nasi kitandani. Unayemwambia binti yako kwamba katumiwa kitu, unampa hofu ya kulala. Hofu inamkatia usingizi, na usingizi wa kukatikakatika ndio mlango wa jinamizi.

Kwa upande wetu wa pwani tunao mfano mchungu. Mwaka 1995 hofu ya Popobawa, pepo aliyesemwa kuwavamia watu usiku wakiwa wamelala, ilianzia Pemba, ikavuka kwenda Unguja na kufika Dar es Salaam. Familia zililala nje kwa makundi, watu wakikesha kuzunguka moto. Yapo mengi katika kisa kile, zikiwemo siasa za mwaka wa uchaguzi, wala sisemi kila simulizi lilikuwa jinamizi. Lakini tazama yaliyosimuliwa: usiku, kitandani, mwili umeganda, kitu kizito juu yako. Halafu fikiria mtaa mzima usiolala sawasawa kwa wiki kadhaa. Hofu ile ilimfikisha mtu asiye na kosa mikononi mwa umati, akauawa Unguja. Nikisikia jina la jirani likitajwa baada ya usiku mbaya, humkumbuka yeye.

Sasa ufanye nini? Likikukaba, usipigane nalo kwa mwili mzima, maana kushindana kunaongeza woga. Jiambie kwamba mwili bado umelala na utaamka. Acha pumzi ijiendee polepole. Peleka nguvu kwenye kitu kidogo: ncha ya kidole cha mguu, ulimi, kupepesa macho. Mwenye dua au sala na aisome moyoni. Inatuliza, na sioni ugomvi wowote kati ya sala na maelezo haya. Ugomvi wangu ni na anayekuuzia jina la adui.

Mengine ni ya mchana na ya kabla ya kulala. Jinamizi huwapenda wanaolala chali, wanaokosa usingizi, wanaobadilisha saa za kulala ovyo na walio na msongo wa mawazo. Lala kwa ubavu. Lala na uamke saa zilezile, hata Jumapili. Walinzi, wauguzi na madereva wa usiku wana kazi ngumu hapa, lakini shule za bweni hazina sababu. Mwanafunzi anayesoma mpaka usiku wa manane na kuamshwa saa kumi alfajiri, tukisikia bweni zima linakabwa, tumwite mchungaji au shehe akipenda, lakini kwanza turekebishe ratiba.

Likija mara kwa mara, nenda hospitali. Usichelewe hasa kama mchana unasinziasinzia bila kujizuia, au magoti yanaishiwa nguvu ghafla ukicheka. Huenda ni nakolepsi, ugonjwa wa usingizi wenye matibabu yake. Nenda pia kama lilianza baada ya kupigwa, kubakwa, ajali au msiba, na mweleze daktari yote mawili, la usiku na lililotangulia.