Stika ya Dola 35 na Mikumi ya Dirishani

Kupanga safari ya Jumamosi na Jumapili katika hifadhi nne za jimbo hapa Minnesota, Marekani, kumenichukua jioni moja tu, na wepesi huo, badala ya kunifurahisha, umenikera. Njia yenyewe ni barabara namba 61, inayofuata ufuko wa Ziwa Superior kutoka Duluth kuelekea kaskazini-mashariki. Unaanzia Gooseberry Falls, unapita Split Rock Lighthouse yenye mnara wa taa uliokamilika mwaka 1910 baada ya dhoruba ya 1905 kuharibu meli nyingi, unafika Tettegouche, kisha unamalizia Temperance River. Kutoka ya kwanza hadi ya nne hakuzidi kilomita 70. (Watu wa Mwanza wataniwia radhi, lakini ziwa hili kwa eneo la uso wa maji linalipita Victoria.) Kwa miaka kadhaa gari lililipiwa dola 7 kwa siku au dola 35 kwa stika ya mwaka mzima, na ukishapata kibali hicho, hifadhi zaidi ya 60 za jimbo ziko wazi kwako. Baadhi ya maktaba za umma hata huazimisha kibali kwa wanachama wao, ili asiye na fedha naye apate kwenda.

Mimi ni mtoto wa Morogoro. Barabara kuu iendayo Iringa hukatiza katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, kwa hiyo utotoni niliwaona tembo, twiga na pundamilia mara nyingi, na mara zote nilikuwa dirishani mwa basi, huku kondakta akigombana na abiria kuhusu chenji. Sikuwahi kushuka, na sikumjua mtu yeyote mtaani kwetu aliyewahi kushuka.

Wapo watakaonijibu kabla sijamaliza kwamba kiingilio cha Mtanzania ni kidogo sana ukilinganisha na dola anazotozwa mgeni. Ni kweli, nami sina ugomvi na kiingilio. Ugomvi wangu unaanza baada ya geti, pale ambapo kila kitu kimepangwa kana kwamba anayeingia amekuja na gari la kampuni ya utalii, dereva wake, chakula kilichofungwa kwenye maboksi na chumba alichokilipia kwa dola. Mwalimu wa shule ya msingi mwenye watoto watatu anaweza kumudu kiingilio cha familia yake, lakini hawezi kukodi gari la kuzungukia kutwa nzima, na hakuna anayemwambia mapema gharama yote itafika wapi. Huku niliko, mfanyakazi wa ghala hujaza mafuta kwenye gari lake kuukuu, hubeba hotpoti ya pilau, hukuta meza za mbao, choo kisafi na jiko la chuma la kuchomea nyama, na jioni hurudi nyumbani bila kumwomba mtu yeyote msaada.

Wengine wataniambia kwamba kule hakuna simba. Hoja hiyo naipokea kwa heshima, kwa sababu dubu weusi wa ufuko huu wana aibu kuliko ngedere wetu, na hakuna mwenye akili timamu atakayependekeza watu watembee kwa miguu Mikumi. Lakini mbona tuna Udzungwa? Ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1992, hutembelewa kwa miguu pamoja na mwongozaji, na lango lake la Mang'ula liko kando ya barabara iendayo Ifakara, ambako mabasi hupita. Maporomoko yake ya Sanje yanashuka takriban mita 170. Yale ya High Falls, fahari ya Tettegouche, yana mita 18 hivi, na wenyeji huyapiga picha kwa unyenyekevu ambao nakiri hunichekesha. Niliwahi kuwaonyesha wenzangu kazini picha ya Sanje, wakaniuliza nimekwenda huko mara ngapi. Nilibadilisha mazungumzo.

Sasa nasikia sauti ya mjomba fulani, maana kila ukoo una mjomba wa aina hiyo, akisema kwamba nimekula baga nikasahau nilikotoka. Mjomba, shikamoo, na nisikilize kidogo. Huku pia kuna kero, na sizifichi. Nafasi za kupiga kambi hufunguliwa siku 120 kabla, na kwa wikendi za kiangazi hugombewa hasa, ndiyo maana nitalala kwenye nyumba ya wageni ya bei mbaya. Kuni huruhusiwi kubeba kutoka kwako, kwa hofu ya wadudu waharibifu wa miti, hivyo unanunua kifurushi kutoka kwa muuzaji aliyeidhinishwa. Asiye na gari hafiki popote. Watu weusi tunaokutana kwenye maegesho tunahesabika kwa vidole, na ardhi yenyewe ilitoka mikononi mwa Waojibwe, wenyeji wa asili wa huku, kwa mkataba wa mwaka 1854. Siisifii Marekani. Nasema tu kwamba mpango wao wa hifadhi za jimbo umemweka mwananchi wa kawaida mbele, nao wetu umemweka mgeni, na pengo hilo halitokani na umaskini peke yake.

Tena sisi ndio tuliolisema jambo hili mapema. Katika Manifesto ya Arusha ya Septemba 1961 (usiichanganye na Azimio la 1967), Mwalimu Nyerere aliahidi kuwalinda wanyamapori ili hata wajukuu wa watoto wetu waweze kuufurahia urithi huo. Kulinda tumejitahidi, wala sitakubali mtu wa huku anifundishe habari hiyo. Kufurahia ndiko kulikobaki kwenye karatasi.

Wakenya watanitajia msitu wa Karura, ambamo familia za Nairobi hutembea na kuendesha baiskeli, nao wana haki ya kujivuna. Sisi sasa tuna treni ya mwendokasi iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024, na inafika kwa muda usiofikia saa mbili. Ukishashuka stesheni Jumamosi asubuhi na watoto wako, unakwenda wapi? Liwepo basi moja linalosubiri treni, liende Mikumi au Mang'ula na kurudi jioni, nauli na kiingilio vikiwa kwenye tiketi moja iliyoandikwa kwa shilingi. Na Mikumi wajenge vibanda vya kulia chakula ndani ya uzio, ili simba wapate nafasi ya kututazama sisi tukila.