Imani, Kejeli na Ushahidi Katika Mijadala ya Sayansi Mtandaoni

Makundi mengi yanayojadili sayansi mtandaoni yana kanuni inayoandikwa kwa maneno machache na kutekelezwa kwa taabu: mambo ya dini yasiletwe humu. Walioitunga wana sababu zao, wala si za kubeza. Mjadala kuhusu umri wa miamba ukishaingiliwa na aya za vitabu vitakatifu, na aya hizo zikajibiwa kwa kejeli, habaki tena anayezungumzia miamba. Tatizo lenyewe ni kongwe kuliko wavuti. Katika Usenet, mtandao wa makundi ya majadiliano wa miaka ya 1980, ugomvi kati ya watetezi wa uumbaji na watetezi wa nadharia ya mageuko ya viumbe uliyasumbua makundi ya biolojia hadi ukatengewa kundi lake, talk.origins, ili waliokuja kujadili biolojia waendelee kwa amani.

Wanaotaka mlango ufungwe kabisa wanajenga hoja juu ya namna sayansi inavyofanya kazi. Dai la kisayansi hukubaliwa kwa kipimo ambacho yeyote anaweza kukirudia, awe anaswali, anasali au hafanyi lolote kati ya hayo, ilhali ufunuo haurudiwi maabara. Hapo wako sahihi. Kasoro ni kwamba kanuni yao inabeba kwa pamoja vitu viwili visivyofanana, yaani imani ya mtu na dai analoliweka mezani. Mwanasosholojia Robert Merton wa Marekani alivitenganisha tangu mwaka 1942 alipoeleza maadili ya jumuiya ya wanasayansi: dai lipimwe bila kujali taifa, rangi wala dini ya aliyelitoa, na papo hapo lisiwepo jambo linalokingwa dhidi ya maswali kwa kuwa watu wanaliona takatifu. Nusu ya kwanza inamlinda muumini, nusu ya pili inamnyima ngao. Ugomvi mwingi mtandaoni unazuka pale kila upande unapoikumbuka nusu inayoufaa na kuisahau nyingine.

Kwamba imani yenyewe si kizuizi wala si ushahidi, historia ya fizikia inatosha kuonyesha. Abdus Salam na Steven Weinberg, kila mmoja kwa njia yake, waliifikia nadharia ileile inayounganisha nguvu ya sumakuumeme na nguvu hafifu ya nyuklia, na mwaka 1979 wakagawana Tuzo ya Nobel pamoja na Sheldon Glashow. Salam alikuwa Mwislamu aliyenukuu Kurani katika hotuba yake kwenye karamu ya tuzo hiyo. Weinberg hakuamini kuwepo kwa Mungu na hakulificha jambo hilo. Asomaye milinganyo yao hawezi kujua ni ipi iliyoandikwa na muumini.

Kisa cha Georges Lemaître kinafundisha zaidi, kwa sababu yeye alisukumwa kutoka pande zote mbili. Padri huyu Mbelgiji, aliyekuwa pia mwanafizikia, alieleza mwaka 1927 kwamba ulimwengu unatanuka, na mwaka 1931 akapendekeza kwamba ulianza kutoka chembe moja ya asili. Mwanaastronomia Mwingereza Fred Hoyle, aliyeipa nadharia hiyo jina la Mlipuko Mkuu redioni mwaka 1949, hakuikubali, na miongoni mwa yaliyomkera ni harufu ya dini aliyoisikia ndani yake. Mwaka 1951 Papa Pius XII akaitaja kana kwamba inaunga mkono habari ya uumbaji, na Lemaître hakufurahishwa hata kidogo. Msimamo wake ulikuwa kwamba nadharia hiyo haihusiani na masuala ya dini. Hatimaye kesi iliamuliwa na antena: katikati ya miaka ya 1960, Arno Penzias na Robert Wilson waligundua mnururisho hafifu unaotoka kila upande wa anga, uliotarajiwa na nadharia ya Mlipuko Mkuu. Joho la padri halikuwa hoja, si kwa waliolishuku wala kwa waliolishangilia.

Likija suala la staha, wapo wanaoidhani kuwa ni kunyamaza, au kuzungusha maneno ili mtu asiumie. Barua za Charles Darwin na Asa Gray zinaonyesha vinginevyo. Gray, mtaalamu wa mimea huko Marekani, alikuwa Mkristo thabiti, na ndiye aliyeshughulikia uchapishaji wa kitabu cha Darwin kuhusu asili ya spishi nchini humo na kukitetea hadharani. Mwaka 1860 Darwin alimwandikia bila kumung'unya kwamba hawezi kushawishika kuwa Mungu mwema angekusudia kuumba nyigu ambao lava wao hula kiwavi kutoka ndani angali hai. Gray naye aliendelea kuona kusudi la Mungu katika mabadiliko ya viumbe, na Darwin akalipinga wazo hilo katika kitabu kingine mwaka 1868. Hakuna aliyeficha neno, na urafiki haukuvunjika.

Hata hivyo, staha nayo hutumiwa vibaya. Mtu akiulizwa ushahidi wa dai lake, hujibu kwamba imani yake imetukanwa, na swali likafia hapo. Msimamizi anayekubali ujanja huo amelikabidhi kundi kwa mwepesi kuliko wote wa kuudhika. Upande wa pili, na hili halisemwi vya kutosha, wasimamizi wengi huifuta aya ndani ya dakika chache na kuuacha mzaha kuhusu waumini ubaki siku nzima, ingawa vyote viwili viko nje ya mada kwa kiwango kilekile. Mzaha huo pia humpiga asiyekusudiwa. Katika kesi ya Dover, Pennsylvania, nchini Marekani, mwaka 2005, shahidi mmojawapo mkuu aliyepinga fundisho la "ubunifu wenye akili", yaani wazo kwamba viumbe vilibuniwa na mwenye akili fulani, kuingizwa katika somo la sayansi alikuwa Kenneth Miller, mwanabiolojia Mkatoliki.

Chukua mtu anayeandika kwamba dunia ina miaka 6,000. Kumwambia akasome kwanza hakumjibu. Kinachomjibu ni kazi ya mwanakemia Clair Patterson, ambaye mwaka 1956 alipima aina za madini ya risasi katika vimondo, risasi inayozaliwa pale urani inapobadilika yenyewe kwa kasi inayojulikana, na kupata umri wa dunia wa miaka bilioni 4.55. Huenda mwulizaji asikubali, lakini wasomaji walio kimya ndio wengi, na wao wamepata kitu cha kupima. Akirudi na dai lilelile mara kwa mara bila kugusa alichojibiwa, chapisho lake lifutwe, na sababu itajwe kuwa ni kurudia na kukwepa jibu. Adhabu hiyohiyo imfikie asiyeamini mwenye tabia hiyo.

Ipo mijadala ambayo kanuni ya kuizuia dini haifai kabisa. Uingereza, kufuatia ripoti ya kamati iliyoongozwa na Mary Warnock mwaka 1984, iliweka katika sheria ya mwaka 1990 ukomo wa siku 14 za kukifanyia kiinitete cha binadamu utafiti maabara. Biolojia inaeleza kwamba karibu na siku hizo huanza kuonekana mstari unaoongoza mpangilio wa mwili. Haielezi kwa nini hapo ndipo pawe mwisho. Huo ni uamuzi wa kimaadili. Kundi linalojadili kama ukomo huo usogezwe, huku likiwazuia waumini kutaja wanachokiamini kuhusu thamani ya uhai, huwa limewaachia wengine waingize maadili yao chini ya jina la sayansi. Katika mjadala wa namna hiyo, muumini aruhusiwe kusema msimamo wake unatoka wapi, na asiye na dini atakiwe kusema wake pia unatoka wapi.