Geji iko gotini, macho yako mbele, nani ataona injini ikichemka?

Hili jambo linaniuma kweli, acha niliseme kama lilivyo. Boti nyingi nilizopanda, hasa zile za tanga zenye injini ya dizeli ndani, paneli ya injini imewekwa chini kabisa ubavuni, usawa wa goti la anayeshika usukani. Sasa huyo mtu anaangalia mbele, anaangalia mawimbi, anaangalia boti za wenzake, atainama saa ngapi kusoma mshale wa joto? Hainami. Tunawasha, tukiona maji ya bahari yaliyopoza injini yanatoka ekzosi basi, safari.

Yangu ilikuwa hivi. Mfuko wa plastiki ulinasa kwenye tundu la kuingizia maji, maji ya kupoza yakakatika, na impela, kile kigurudumu chenye mabawa kinachosukuma maji ndani ya pampu, ni ya mpira, maji yale yale inayosukuma ndo yanailainisha, ikizunguka kavu dakika chache tu mabawa yanakatika. Alamu ilikuwepo na ililia, lakini baza, kile kidude kinachotoa mlio, ilikuwa nyuma ya paneli imefungiwa, injini inanguruma, na kile kitaa chekundu jua limekipiga huwezi kujua kama kinawaka. Nilichogundua kwanza ni harufu ya mpira unaoungua. Silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ikaenda kwa fundi.

Tangu siku ile msimamo wangu ni sikio kwanza jicho baadaye. Geji inataka mtu aitazame, kelele haisubiri utazame. Baza itolewe nyuma ya paneli ije karibu na kichwa cha nahodha, na iwe kali kushinda injini ikiwa kwenye mwendo wa juu, sio uijaribu boti imefungwa gatini kimya ukasema inasikika.

Ila sisemi geji itupwe, hapana! Chukulia oili. Swichi ya alamu kwa kawaida inashtuka presha ikishashuka mpaka kama nusu baa hivi (baa ni kipimo cha presha), na injini ikiwa mwendoni inatakiwa iwe na baa tatu au nne, maana yake alamu ikilia umeshachelewa sana, lakini mwenye geji mbele ya macho angeuona mshale unashuka mapema akapunguza moto, akazima. Na joto nalo lina ujanja wake. Maji ya ndani ya injini, yale yanayozunguka humo humo, sio ya bahari, yakivuja yote, sensa inabaki kwenye hewa, mshale unaweza hata kushuka wakati chuma kinaungua, kwa hiyo geji ya joto peke yake siiamini, na mi nimeongeza alamu ya tatu, sensa ya joto inafungwa kwenye bomba la mpira la ekzosi, maji ya bahari yakikatika pale ndo panapopata moto kwanza, kabla geji ya injini haijastuka.

Halafu kuna jambo dogo watu wanaliruka kila siku. Ukifungua ufunguo, kabla ya kupiga stata, subiri sekunde mbili. Kwenye dizeli nyingi za kawaida baza lazima ilie hapo, kwa sababu presha ya oili ni sifuri. Isipolia usiondoke, waya umeoza, au kuna mtu aliichomoa kwa sababu ilimkera, nimekuta hiyo zaidi ya mara moja na inanikasirisha mpaka leo.

Kwenye kuzipanga geji, zungusha kila moja kwenye tundu lake mpaka mshale wa hali ya kawaida uangalie juu, saa sita kamili. Hapo husomi namba, unatupa jicho tu, mshale uliolala unajionyesha. Na kama ni skrini, ijaribu ukiwa umevaa miwani ya jua ile inayokata mng'ao wa maji, zingine zinakuwa nyeusi tii.

Mimi paneli ya zamani nimeiacha pale chini na ufunguo wake, geji ya oili na ya joto nimezipandisha juu, jirani na dira lakini sio kuisogelea sana maana geji na baza nyingi zina sumaku ndani. Kabla ya kutoboa nilishika geji mkononi nikawa naisogeza kidogokidogo huku naangalia dira, ilipoacha kucheza kabisa ndo nikapiga alama ya penseli.