Mzee akifika mwisho nani aamue, karatasi, watoto au aliyeko zamu?

Kwa wengi wanaohamia nyumba za wazee hayo ndiyo makazi yao ya mwisho, tunalijua hilo hata kama hatupendi kulitamka. Ugomvi unaanzia hapa, nani mwenye haki ya kusema sasa basi, matibabu yanatosha? Mzee mwenyewe kupitia karatasi aliyoandika akili zikiwa timamu, watoto wake, au daktari na wauguzi?

Wanaotetea karatasi wana hoja nzito. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1990 kwamba vituo vinavyolipwa na bima za serikali, nyumba za wazee zikiwemo, lazima zimwambie mtu akiingia kwamba ana haki ya kukataa matibabu na kuandika mapema anachotaka. Mwaka huohuo kesi ya Nancy Cruzan ilikuwa imefika mpaka Mahakama ya Juu kabisa ya nchi ile. Binti huyu alipata ajali ya gari 1983 hakuzinduka tena, wazazi wakaomba mrija wa kumlishia utolewe, mahakama ikasema jimbo lina haki ya kudai ushahidi wa wazi wa alichotaka yeye. Hakuwa ameandika kitu. Ikabidi marafiki waje kueleza mahakamani maneno aliyowahi kuyasema kwenye maongezi ya kawaida tu, hebu fikiria, uhai wako unategemea nani anakumbuka ulichosema siku ile mkipiga stori.

Upande wa pili wanasema waachieni familia, wao ndio wanaomjua. Ni kweli wanamjua, ila kumjua mtu na kujua angechagua nini akiwa kitandani ni vitu viwili. Uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi na kuchapishwa 2006 ulikuta ndugu wanaoamua kwa niaba ya mgonjwa wanapatia kama asilimia 68 tu, yaani kwenye kila maamuzi matatu moja hivi wanakosea, na hawa ni watu wenye upendo kabisa.

Mimi naona ugomvi huu wa nani aamue unatupotezea muda. Swali kubwa ni huyo anayeamua ameambiwa nini. Kuna utafiti wa 2009 uliofuatilia wazee 323 wenye demensia, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu na uwezo wa kujitunza, iliyokomaa kwenye nyumba za wazee huko Marekani, ndani ya miezi 18 zaidi ya nusu walifariki, na kati ya waliofariki kama asilimia 41 walipitia kitu kimoja au zaidi cha kuwatesa kwenye miezi mitatu ya mwisho, kukimbizwa hospitali, dripu, mrija wa chakula. Ila pale ambapo ndugu alielewa kwamba huu ugonjwa unaua na muda uliobaki ni mfupi, mateso hayo yalipungua sana sana. Sasa wangapi wanaambiwa hivyo kwa uwazi? Wengi wanasikia "amesahausahau tu, ni umri", halafu siku moja simu inalia usiku mama ana homa na anapumua kwa shida, tumpeleke au tusimpeleke? Hapo mtu atasema mpelekeni, hata mimi ningesema hivyohivyo.

Angalia suala la kula, manake hapa ndipo moyo unapovunjika. Mzee anafunga mdomo, au anaupokea uji unakaa shavuni haumezwi, akimeza anakohoa mpaka machozi. Mtoto akiona anasema mama anakufa njaa mwekeeni mrija. Lakini kwa demensia iliyofika mbali hakuna ushahidi kwamba mrija unaongeza maisha au unazuia chakula kuingia kwenye mapafu, na wengine inabidi wafungwe mikono wasiuchomoe. Chama cha madaktari wa wazee Marekani kinashauri kumlisha kwa mkono, taratibu, kadiri anavyoweza. Sawa, lakini kulisha kwa mkono kunakula muda, na mlezi mmoja ana wazee kibao wanaomsubiri, kwa hiyo familia ikiuliza je mnasema hivi kwa ajili ya mama au kwa sababu hamna watu, hilo ni swali halali na lijibiwe.

Na wanaoogopa kujaza fomu hizi za kuandika matakwa mapema wasibezwe. Uingereza wakati wa korona 2020 kuna watu waliwekewa agizo la kutofufuliwa moyo ukisimama bila wao wala familia zao kushirikishwa, ripoti ya mamlaka inayosimamia huduma hizo ilisema hivyo 2021. Ukishasikia hivyo halafu unaletewa fomu mlangoni siku ya kwanza, lazima ushtuke.

Kinachonisumbua zaidi ni pale karatasi inapopingana na mtu mwenyewe aliye mbele yako. Uholanzi 2016 mama wa miaka 74 mwenye Alzheimer's, aina mojawapo ya demensia, alifanyiwa eutanasia, yaani daktari kumtoa mtu uhai kwa ombi lake, kwenye nyumba ya wazee kwa maandishi aliyoyaacha, daktari alimwekea dawa ya usingizi kwenye kahawa bila kumwambia, na mama alipojitikisa katikati ya shughuli ndugu zake wakamshika. Daktari akashtakiwa, akaachiwa 2019, na mahakama ya juu ikakubali 2020 kwamba maandishi yale yalitosha. Nawaelewa majaji, huyu mama aliogopa sana kuishia vile na alisema mapema. Ila siwezi kukubaliana nao. Karatasi ya kukataa mrija au safari ya hospitali niko tayari kuifuata hata kama mzee haikumbuki tena, manake hapo unamwondolea bughudha na tiba shufaa, ile ya kupunguza mateso si ya kuponya, inaendelea, maumivu yanatulizwa, anageuzwa, mdomo unalowanishwa. Kumtoa uhai mtu anayevuta mkono wake, hapana, mkono ule nao unaongea.

Kwa hiyo fomu ijazwe, sikatai, ila ipitiwe upya kila hali inapobadilika, akianza kushindwa kumeza, akitoka hospitali, akiacha kutambua watu. Na kwenye kikao cha kuipitia awepo pia mlezi anayemlisha na kumwogesha mzee, mara nyingi haitwi kwa kuwa cheo chake ni kidogo, wakati yeye ndiye anayejua mzee anageuza uso akiona kijiko au anafungua mdomo.